Jicho la Umeme la Kinu cha Kahawa

Kazi yangu ya kwanza mjini Nairobi ilikuwa kuosha soketi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki, nikidhani nitakabidhiwa redio iliyokufa niifufue watu wakitazama. Bwana Singh, mwenye karakana, hakukiangalia cheti. Aliangalia kucha zangu. Kisha akanipa mswaki wa meno, chupa ya spiriti na sanduku lililojaa soketi za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani, zilizong'olewa kwenye mashine kuukuu.

"Kidole yako iko na mafuta, iko na jasho," akaniambia. "Wewe hapana ona. Lakini umeme naona. Umeme kidogo napenda kutembea juu ya hiyo."

Nilisugua soketi wiki nzima. Nilipomwandikia baba yangu kule Bungoma nilimwambia nimeanza kazi ya vyombo vya umeme, jambo ambalo halikuwa uongo.

Nyinyi mliobaki karakanani mliniomba, siku ile ya kuniaga, niwaandikie mambo ya zamani. Vyeo sitavitaja, na mishahara mnaijua ilivyokuwa, kwa sababu haijabadilika sana. Nitawaandikia juu ya hitilafu moja niliyoitafuta katika miaka ya hamsini, ile ya mwisho mwisho, wakati sheria za hali ya hatari zilikuwa bado zinatubana. Nimetengeneza mashine nyingi baada ya hiyo, na nyingine zilikuwa ngumu kuliko hiyo. Lakini hiyo ndiyo ninayoikumbuka hata rangi ya waya zake.

Karakana ya Bwana Singh ilikuwa nyuma ya River Road, kwenye uchochoro wenye duka la nguo upande mmoja na mshona viatu upande mwingine. Tulitengeneza redio za watu wa kawaida, mashine za sauti za majumba ya sinema, na vyombo vya maabara ambavyo wenyewe waliviogopa. Bwana Singh alikuwa Kalasinga wa makamo, mwenye ndevu alizozifunga kwa wavu mwembamba ili zisiguse kazi. Hakupandisha sauti. Akiwa na hasira aliweka bisibisi chini polepole, na sisi sote tulijua.

Jambo la pili alilonifundisha, baada ya kuosha soketi, lilikuwa kuweka mkono mmoja mfukoni. Mashine za valvu zilikuwa na umeme wa kuua. Ukigusa kwa mkono mmoja utarushwa na utatukana. Ukigusa kwa mikono miwili, umeme unapita kifuani na hutatukana tena. Hadi leo nikikaribia mashine iliyofunguliwa, mkono wangu wa kushoto huingia mfukoni wenyewe. Mke wangu anasema nasimama jikoni kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Nilipanga chumba huko Riruta, upande ambao siku hizi unaitwa Satellite. Wakati huo palikuwa na mashamba, migomba na nyumba chache za udongo zilizoezekwa kwa mabati. Mwenye nyumba alikuwa Mama Njeri. Mume wake alikuwa amechukuliwa na serikali na kupelekwa kizuizini, na hakuna aliyemwambia atarudi lini. Alikuwa amebaki na binti zake wawili na mama mkwe ambaye hakuweza tena kutembea. Kwa sababu mimi natoka magharibi, sikusumbuliwa sana na askari barabarani. Mama Njeri, kwa kuwa ni Mkikuyu, hakuweza kwenda hata sokoni bila pasi. Pasi hiyo ilitokana na kazi yake. Kazi ikiisha, na pasi imekwisha.

Alifanya kazi kwenye kinu cha kahawa njiani kuelekea Karen. Nilijua anachagua buni. Aliondoka kungali na umande na kurudi jioni, macho yakiwa mekundu kwa kutazama punje. Wakati mwingine alinipa uji, nikamkatia kuni. Hatukuwa watu wa maneno mengi.

Basi siku moja kukaja kwenye karakana yetu meneja wa kinu hicho, Mzungu mrefu ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Miwani, kwa kuwa alikuwa na miwani ya kusomea na miwani ya mbali na daima alikuwa amevaa ile isiyohitajika. Alikuwa amenunua mashine ya kuchagua kahawa. Mashine hiyo ilivuta buni moja moja kwa hewa, ikazipitisha mbele ya taa, na jicho la umeme likaangalia rangi ya kila punje. Punje nyeusi au iliyochacha ilipigwa na pumzi ya hewa ikaanguka kando. Fundi wa kampuni alikuja kutoka ng'ambo, akaifunga, akaijaribu, ikafanya kazi, akapanda ndege akarudi kwao. Muda si mrefu mashine ikaanza kutupa kahawa nzuri.

"Asubuhi natupa yote," Bwana Miwani alilalamika. "Mchana nafanya vizuri. Kesho asubuhi, natupa tena. Hii mashine nalewa."

Bwana Singh alimsikiliza, akamwuliza kama asubuhi hizo zilikuwa za ukungu. Bwana Miwani akasema huko Karen mwezi wa Julai hakuna asubuhi nyingine.

Kabla ya kwenda, Bwana Singh alinikalisha na kunichorea amplifaya ya mashine ile nyuma ya kalenda. Nyinyi leo mnaishika amplifaya ya namna hiyo ikiwa ndogo kama punje ya maharagwe, na ikiharibika mnaitupa. Ile ilikuwa na valvu mbili na ukubwa wa kikombe, ilitengenezwa kwa ajili ya mashine za kufanya hesabu, na mtu mwenye akili akaona inaweza kusaidia jicho la umeme. Kwa maana jicho hilo hutoa umeme mdogo mno, usioweza kusukuma kitu chochote. Kazi ya amplifaya ni kuukuza.

"Iko mlango mbili ya kuingia, moja ya kutoka," akasema. "Hii amplifaya nataka kitu moja tu. Nataka mlango mbili ya kuingia iko sawasawa. Kama hapana sawa, nasukuma kule ya kutoka mpaka iko sawa. Wewe kwanza pima hii mbili. Kama iko sawa, amplifaya mzima. Hapana tukana yeye. Yeye nasema ile anaambiwa. Tafuta nani namwambia uongo."

Somo hilo ni lilelile ninalowafundisha nyinyi kwa maneno mengi zaidi.

Tulifika kinuni asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya miti. Mashine ilikuwa imewekwa mwisho wa ukumbi mrefu wenye paa la mabati. Katika ukumbi wote uliobaki kulikuwa na meza ndefu, na kwenye meza hizo wanawake walikaa bega kwa bega, kila mmoja na rundo lake la buni. Vidole vyao vilikwenda kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata kwa macho. Punje mbaya ilirushwa bila kutazamwa. Hapakuwa na sauti isipokuwa ile ya punje kugonga mabakuli, kama mvua inayoanza.

Kwenye meza iliyo karibu na mashine alikuwa Mama Njeri.

Aliniona kabla sijamwona. Akaangalia sanduku la vifaa mkononi mwangu, kisha akaangalia mashine.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Wewe ndio umeletwa kutengeneza hii kitu."

"Nimekuja na Bwana Singh, mama."

"Sawa." Akarudi kwenye buni zake. Wanawake wa meza yake waliinua macho, wakanitazama wote, kisha wakainama.

Ni hapo tu nilipoelewa niliitiwa nini. Ikiwa mashine itapona, meza zitaondolewa. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Bwana Singh naye alikuwa ameona. Alivua koti akalitundika kwenye msumari, akasema, "Fungua." Basi nikafungua.

Tuliiwasha, tukangoja valvu zipate moto. Nikaweka mkono mfukoni nikapima milango miwili ya kuingilia. Ilikuwa sawa, sindano ya mita haikutikisika. Lakini umeme wa mlango wa kutokea ulikuwa juu sana, kana kwamba jicho linaona mwanga mkali hata pale ambapo hapakuwa na punje wala kitu; ikilinganishwa na mwanga huo, kila punje ilionekana nyeusi.

"Amplifaya mzima," akasema Bwana Singh. "Endelea."

Wazo langu la kwanza lilikuwa paa. Kulikuwa na mabati ya kupitisha mwanga juu yetu, nami nikafikiri mwanga wa asubuhi unaingia kwenye jicho kwa upenyo fulani. Nilijivunia wazo hilo. Tukafunika mashine kwa blanketi zito la farasi, tukazima taa yake. Ndani kukawa giza kabisa. Jicho gizani halina cha kusema, na mlango wa kutokea ulipaswa kushuka hadi chini. Haukushuka. Ulibaki juu, ukitangatanga polepole, ukipanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa.

Basi haukuwa mwanga. Kulikuwa na umeme unaoingia kwa njia nyingine, na amplifaya, kwa uaminifu wake wote, ilikuwa inaukuza.

Nikalichomoa jicho kutoka kwenye soketi yake na kuutoa waya wa soketi. Mlango wa kutokea ukashuka chini, ukatulia. Nikarudisha waya peke yake, soketi ikiwa tupu. Ukapanda tena. Nikajaribu jicho la akiba lililokuja na mashine. Vilevile. Nikamtazama Bwana Singh, naye akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa soketi.

Nilichukua tochi na kioo kidogo nikaiangalia kwa chini, mahali ambapo mtu hawezi kuona bila kutoa kifuniko. Kati ya pini na pini kulikuwa na ukoko mweupe, mwembamba, uliong'aa kidogo kwa unyevu. Vumbi la kahawa si jeupe. Nikaugusa kwa ncha ya bisibisi, nikaionja.

Chumvi.

Sikuinua kichwa mara moja. Chumvi hunyonya unyevu. Asubuhi ya ukungu inalowana na umeme unatembea juu yake kutoka pini hadi pini. Mchana jua likipiga mabati inakauka, na mashine inapona. Kila kitu alichosema Bwana Miwani kilikuwa kimepata maelezo. Na chumvi haiingii chini ya soketi iliyofunikwa kwa bahati mbaya, si kwa wingi huo.

Nilimpa Bwana Singh kioo. Akaangalia, akanirudishia. Nyuma yetu ile sauti ya punje kwenye mabakuli ilikuwa imepungua. Wanawake walikuwa wanachagua polepole.

Bwana Miwani akaja, akiwa na miwani ya kusomea, akitukodolea macho. "Iko nini?"

"Kesho mimi naleta soketi mpya, kesho naeleza," akajibu Bwana Singh.

"Mimi nataka kujua kitu moja. Kama iko mkono ya mtu hapa ndani, mimi naita inspekta. Nachukua wote hawa, meza yote, naenda kuchunguzwa. Nasikia?"

"Kesho," akasema Bwana Singh, akavaa koti.

Wengi wenu hamkuziona siku hizo, kwa hiyo nieleze maana ya neno hilo. Waliochukuliwa kuchunguzwa hawakuulizwa habari za mashine tu. Waliulizwa habari za viapo, za msituni, za waume na kaka zao, na walioulizwa hawakurudi wote, na waliorudi hawakurudi walivyokwenda.

Jioni ile Mama Njeri hakuniita kunywa uji. Nilikaa chumbani kwangu nikisikia akiwapa binti zake chakula. Kisha akagonga mlango wangu, akaingia na kusimama, ijapokuwa nilimpa kiti.

"Mmeona nini kwa hiyo mashine?"

Ningeweza kusema sijui. "Chumvi," nikasema.

Hakushtuka. Nadhani alikuwa amechoka kushtuka miaka ile.

"Ni mimi," akasema. "Huyo Mzungu aliyeifunga alituambia tukifagia tusimwage maji hapo, ati maji itaiua. Na mimi najua chumvi inakula chuma. Nikatia kidogo kidogo nikipanguza. Sikujua itakuwa mgonjwa hivyo, nilitaka ife."

"Mama, kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu kesho utaulizwa." Akafunga leso yake vizuri kichwani. "Sikuombi unifiche, Wekesa. Wewe ni mtoto wa watu, uko na kazi yako. Ninakuomba kitu moja. Ukisema, sema ni mimi peke yangu. Usiwaache wachukue meza yote. Kuna mmoja pale ananyonyesha."

"Wao walijua?"

"Walijua. Walikuwa wanaimba ndio nyapara asinisikie nikifungua." Akatazama ukuta, upande ambao mama mkwe alikuwa amelala. "Hawa watoto, ukinisaidia uwapeleke kwa dada yangu huko Mutuini. Atawachukua."

Nilimwambia mambo hayatafika huko. Akasema sijui, na kweli sikujua. Akatoka.

Sitasema kwamba sikulala, kwa sababu kijana wa umri ule hulala. Lakini niliamka kungali giza, nikaenda mjini bila kula.

Ndani ya gari, tulipokuwa tunarudi kinuni, Bwana Singh hakuongea hadi tulipopita Dagoretti. Kisha akauliza, macho yake yakiwa barabarani, "Wewe naona chumvi?"

"Niliona, Bwana Singh."

"Wewe naona mtu?"

"Sikumwona mtu."

Aliendesha kidogo. "Mimi pia hapana ona mtu," akasema. "Fundi nasema ile naona. Leo wewe utasema, hapana mimi. Wewe ndio napata."

Nilidhani ananitupia mzigo. Baadaye sana ndipo nilipofikiri kwamba labda alikuwa ananiachia chaguo, na kwamba angesimama nami lolote ambalo ningechagua. Hakuwahi kueleza, nami sikuuliza.

Inspekta alikuwepo. Alikuwa ameketi ofisini kwa Bwana Miwani akinywa chai, kijana mwekundu wa uso, kofia yake mezani na askari wawili nje ya mlango. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha meneja, jambo ambalo halikunifurahisha. Tuliitwa sote ukumbini, mbele ya mashine. Wanawake waliamriwa waendelee na kazi, wakaendelea.

Nikaonyesha soketi. Nikaeleza jinsi tulivyopima, kwamba amplifaya ni nzima, kwamba gizani umeme ulikuwa bado unaingia, na kwamba umeme huo ulikuwa unatembea juu ya uchafu kati ya pini asubuhi zenye ukungu.

"Uchafu gani?" akauliza inspekta.

"Chumvi, bwana."

Meza iliyokuwa karibu nasi ilikuwa imeacha kuchagua. Sikumwangalia Mama Njeri, maana nilijua nikimwangalia, inspekta atayafuata macho yangu.

"Chumvi imefikaje ndani ya mashine?"

"Jasho lina chumvi, bwana. Soketi ikishikwa kwa vidole, chumvi inabaki. Mashine hii imefunguliwa na mikono mingi tangu ilipoletwa. Aliyeifunga aliigusa. Mimi mwenyewe jana nimeigusa."

"Jasho tu?" Akainama akaangalia kwa kioo changu. Hakuwa mjinga. "Hii ni nyingi kwa jasho."

Ndipo Bwana Singh alipoweka bisibisi yake chini, kwenye meza ya mashine, polepole sana, nikajua amekasirika.

"Bwana Inspekta," akasema. "Mimi kila siku napiga kelele kwa hawa vijana: osha mkono, osha mkono. Kila mashine naletwa kwangu, naona hii. Mtu anaweza kuweka? Anaweza. Jasho anaweza? Anaweza. Soketi hapana andika jina. Wewe nataka mimi kuapa ni mtu, mimi hapana apa. Nataka kuapa ni jasho, hapana apa. Nataka mashine kufanya kazi, hiyo mimi naapa. Leo, mchana."

Inspekta alimtazama, akanitazama mimi. Bwana Miwani alikuwa amebadilisha miwani mara mbili.

"Leo mchana?" akauliza meneja.

"Leo."

Sijui kilichompitia inspekta. Huenda hakutaka kuandika taarifa kuhusu jasho. Huenda aliwatazama wanawake wale waliokaa na macho yao mekundu, akafikiria mahali pa kuwalaza wote. Alisema tu kwamba kuanzia siku ile mashine itiwe kufuli, akavaa kofia, akaondoka na askari wake. Nilisikia gari lao likiwaka, sauti yake ikapungua kwenye ukungu. Ndipo nilipoona kwamba mkono wangu wa kushoto ulikuwa mfukoni muda wote, umekunjwa ngumi.

Baada ya hapo kulikuwa na kazi ya kufanya, na ilikuwa kazi ya kawaida. Nilitoa soketi ya zamani, nikasafisha sahani ya chuma iliyoishikilia kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikaikausha kwa taa. Nikafunga soketi mpya, nikachomelea waya. Chini yake nikamimina nta iliyoyeyushwa, ili unyevu usipate pa kukaa. Sikugusa pini kwa kidole. Tukaifunika kwa blanketi, tukazima taa. Mlango wa kutokea ukashuka hadi chini, ukakaa pale bila kutikisika. Ilikuwa kazi safi. Nimefanya kazi chache safi kuliko ile.

Kuna watakaoniuliza kwa nini sikuiacha imeharibika. Nililifikiria jambo hilo, nikiwa nimeshika chuma cha moto. Ningeweza kusema soketi haipatikani, ningeweza kuacha waya umelegea. Lakini Bwana Singh alikuwa ameapa mbele ya inspekta, na usalama wa meza yote ulisimama juu ya kiapo kile. Mashine ikiugua tena, inspekta angerudi, na safari hiyo asingeuliza habari za jasho. Ilibidi ipone, na ipone kabisa. Hivyo ndivyo nilivyowaondolea hatari moja na kuwaletea ile nyingine, kwa mikono hiyohiyo, mchana mmoja.

Bwana Miwani alitaka kuona. Akaita mtu wa karibu alete gunia, na mtu wa karibu alikuwa Mama Njeri. Alilibeba begani, akalimimina kwenye mdomo wa mashine bila kumwaga punje hata moja. Mashine ikavuta, jicho likaangalia, hewa ikapiga, tak, tak, tak. Buni nzuri zikateremka upande mmoja na mbaya upande mwingine, haraka kuliko meza nzima.

Mama Njeri aliinama kwenye bakuli la mbaya. Akachota mkono mzima, akazitandaza kiganjani, akazipekua kwa kidole gumba kama alivyofanya kila siku ya kazi yake. Alitafuta moja nzuri iliyotupwa kwa makosa. Alitafuta muda mrefu. Kisha akazirudisha.

"Umeitengeneza vizuri," akaniambia.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayejua kazi akimwambia mwingine. Ningependelea kutukanwa.

Meza ziliondolewa kabla ya Krismasi. Wachache walibakizwa kushona magunia. Yeye hakuwa mmoja wao. Pasi yake ilichukuliwa siku ileile, langoni. Akapanda mboga kwenye kipande cha shamba la dada yake huko Mutuini, akipita mashambani ili askari wasimwone bila pasi, na binti zake wakaziuza kwa majirani. Mwaka huo walikula vibaya. Nilikaa kwake mpaka nilipooa, nikikata kuni na kutengeneza paa, na hatukuzungumzia mashine tena. Mume wake alirudi, baada ya muda, akiwa amekonda na hana meno ya mbele. Jioni aliyorudi Mama Njeri aliniita nile nao. Akamwambia mume wake, "Huyu ni Wekesa, ni fundi," akanijazia sahani.

Bwana Singh nilimwomba asinitume tena kwenye kinu kile. Akakataa. Akasema mimi ndiye ninayeijua mashine ile, na hiyo ilikuwa sababu ya kutosha. Kwa hiyo nilikwenda kila baada ya miezi kadhaa, kwa miaka mingi, hata baada ya Uhuru, hata baada ya yeye mwenyewe kufariki na karakana kupata mmiliki mwingine. Nilifungua kufuli, nikawasha. Valvu zile zilichukua muda kupata moto, na hakuna fundi anayeweza kuziharakisha. Nilisimama nikingoja katika ukumbi ule mtupu. Sakafu ya saruji ilikuwa na alama za miguu ya meza, mistari miwili miwili kutoka mlangoni hadi pale nilipokuwa, na kati ya mistari hiyo palikuwa pamelainika na kung'aa, pale ambapo nyayo zao zilikuwa zinakaa.